Karatasi za nakshi za Ulaya miaka ya 1500: kwa nini fundi auze dizaini zake?

mpenda_nakshi:
Wakuu habari za jioni. Nimekuta picha ya kazi ya Heinrich Aldegrever, Mjerumani wa karne ya 16, kachora ala ya jambia imejaa majani na vijitu, jambia lenyewe halipo. Hizi zilikuwa za kutundika ukutani au? Na kama ni dizaini, mbona anazichapa na kuzimwaga sokoni wakati fundi wa jirani atamkopi?

sonara_mstaafu:
Za kutundika wapi mkuu, hizo ni za karakana. Halafu hii kazi ya kuchapa kutoka kwenye bamba la shaba ina undugu na usonara, chuma kile kile cha kuchimbia nakshi kwenye fedha ndo unachimbia bamba, unajaza wino, unafuta juu, unagandamiza karatasi. Angalia mabingwa wa kuchapa wa Kijerumani: Dürer baba yake sonara wa Nuremberg, Schongauer naye mtoto wa sonara, Israhel van Meckenem sonara mwenyewe. Sasa kukopiwa ndo biashara yenyewe hiyo! Fundi wa mji wa mbali mkono anao ila kubuni hana, ananunua karatasi, mchoraji badala ya kungoja tajiri mmoja analipwa na mafundi kibao.

bi_tarizi:
Sisi wa kudarizi tulikuwa na vitabu kabisa. Vinciolo wa Venisi alitoa chake cha lesi pale Paris 1587. Ukitaka kuhamisha nakshi unatoboa mistari kwa sindano, unapitisha unga wa mkaa, alama zinatokea kitambaani, na karatasi iliyotobolewa hivyo haikai, ndo maana vingi vimepotea.

mpenda_nakshi:
Shukrani sana. Ila si kazi zote zitafanana sasa?

sonara_mstaafu:
Wapi, hakuna anayebeba nzima nzima. Karatasi nyingine kushoto nakshi hii kulia nyingine makusudi, uchague upande kisha uugeuze upate pande mbili sawa. Unachukua jani hapa, kinyago kule.

kijana_wa_sanaa:
Na hao wabunifu wenyewe walikuwa wakopaji wazuri tu 😂 Dürer alichukua nakshi sita za mafundo zilizotoka kwa Leonardo da Vinci akazichonga upya kwenye mbao, na ile mizabibu iliyosukwa ambayo Ulaya nzima waliipenda imetokana na vyombo vya shaba vya Waislamu vilivyokuwa vinashuka bandarini Venisi.