"Mzee, punguza kurasa za usiku." MBELE YA MAMA MKWE!!!

MwanaLangoni: Wana Amu, hawa watu wa waifai (mnawajua, siwataji) leo wamenivua nguo mchana kweupe. Wiki nzima nikiandika anwani ya gazeti, naletewa kamari. Nikienda benki, brauza inapiga kelele kuwa cheti, kile kitambulisho cha tovuti, si cha benki. Kwa kamari tu, mpaka punda wa jirani anajua Arsenal wanacheza lini!

Fundi kaja alasiri. Laptopu hakuigusa. Katazama taa za ruta, kanywa kahawa yangu vikombe vitatu, kamaliza halua, kisha akatamka: "Mzee, punguza kurasa za usiku." KURASA ZA USIKU! Mama mkwe kapanda mashua kutoka Mokowe kuja kunijulia hali, kayasikia yote.

Na nilishapima mwenyewe. Simu hii hii kwa bando la laini, gazeti linafunguka. Kwa waifai, kamari. Laptopu ya mke wangu vivyo hivyo, naye ana kurasa za usiku? Nikaandika nslookup, ile amri ya kuuliza anwani ya tovuti, na jina nililolibuni, halipo duniani. Badala ya kuambiwa halipo, nikapewa anwani! Nikaingia 192.168.1.1, ukurasa wa mipangilio ya ruta, kwenye DNS (wale wanaogeuza jina la tovuti kuwa anwani) kuna namba mbili nisizozijua. Namwonyesha fundi, ndipo akanitolea hayo ya usiku. Mbele ya mama mkwe!

KufuliLaShaba: Paswadi ya ruta ni ipi?

MwanaLangoni: Jina admin, paswadi admin. Aliiweka fundi mwenyewe!

KufuliLaShaba: Basi mwizi kakaribishwa kwa udi na ubani. Bonyeza kile kitundu cha nyuma ruta irudi upya, badili paswadi, sasisha programu yake, weka DNS ya umma, 9.9.9.9 au 1.1.1.1. Kisha uliza tena lile jina la uongo. Likijibiwa bado, anayekugeuza yuko njiani huko kwa hao watu wa waifai, si nyumbani kwako. Na benki usiguse kwa sasa.

KahawaChungu: Mimi swali moja tu. Hizo za usiku kweli huzifungui?

MwanaLangoni: Wewe nawe!!

BiMkasi: Mama mkwe kasemaje?

MwanaLangoni: Kaniuliza polepole, "Mwanangu, usiku kuna nini?" Sijala mpaka sasa.

UpepoWaMalindi: Mshukuru hata hiyo kamari inafunguka. Huku Maweni tuktuk iligonga nguzo Jumatatu, mpaka leo tunaambiwa fundi yuko njiani.

ShelaDamu: Afadhali nguzo. Kwetu punda kala waya.

UpepoWaMalindi: Punda hali waya.

ShelaDamu: Huyu anakula. Juzi kala leso ya mama, upande mzima.

KahawaChungu: Wa rangi ya majivu? Kala mkeka wangu!

MwanaLangoni: Jamani, na mimi?

ShelaDamu: Ndiye huyo huyo, sikio moja limekatika. Mwenyewe nani?