Je, bhangi huleta wazimu, au mgonjwa ndiye huikimbilia?

Mwalimu, Bondeni Nakuru: Tangu Wajackoyah, mgombea urais wa Kenya, aifanye bhangi kuwa sera ya kampeni mwaka 2022, vijana hunijibu kwamba huo ni mmea tu. Nchini Uswidi, utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ulifuatilia kwa miaka 15 vijana zaidi ya 45,000 walioingia jeshini, na waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipatwa na skizofrenia, maradhi makali ya akili, kwa kiwango cha mara sita kuliko wasiovuta kamwe. Mzazi anayemfumbia mwanawe macho asije akalia baadaye.

Mama wa Kondele: Mwalimu, mimi ni mmoja wa hao unaowakataza kulia. Mwanangu wa pili aliifunika televisheni kwa shuka akidai kwamba msomaji wa taarifa alikuwa akimtaja jina, kisha akakataa chakula changu kwa kuogopa sumu. Kaka yake alivuta msokoto uleule na leo ni mhasibu. Je, yule nilimfumbia jicho lipi?

Mdadisi, Kakamega: Pole sana, mama. Hata kule Uswidi, wengi waliovuta hawakuugua, na huenda baadhi ya waliougua walivuta ili kutuliza dalili zilizokuwa zimekwisha kuanza. Kuna pia suala la damu. Katika ukoo wenu, aliwahi kuwapo mwenye maradhi haya?

Mama wa Kondele: Kwa hiyo sasa ukoo wetu ni wa wenda wazimu? Wakwe zangu wanasoma humu!

Mwalimu: Mdadisi, umekosa adabu. Swali hilo huulizwa na daktari, faraghani.

Mdadisi: Aliyemkataza mama kulia ndiye anayetufunza adabu? Daktari huliuliza kwa sababu mwenye mzazi au ndugu mgonjwa yumo katika hatari kubwa zaidi, na huyo ndiye anayepaswa kuiepuka bhangi kuliko wote.

Muuguzi, Busia: Mnagombania ukoo huku chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ikipita katikati yenu. Mnywaji wa miaka mingi akiacha ghafla, baada ya siku mbili au tatu anaweza kutetemeka, kuweweseka na kuona wadudu ukutani. Hali hiyo huua, na dawa yake ni hospitali siku hiyohiyo, lakini wapo wanaomfungia mgonjwa chumbani wakamfanyia maombi.

Mama wa Kondele: Maombi nayo yamekosa nini? Mwanangu humeza tembe zake kila jioni, nami humwombea akiwa anazimeza. Kuhusu ukoo, bado namsubiri Mdadisi aombe radhi.