MREJESHO: Unga wa funza kwa kuku wa mayai

Wadau asanteni sana, mimi ndo yule niliyeuliza kama naweza kutoa unga wa samaki kwenye chakula cha kuku wa mayai niweke funza wa BSF (wale wa nzi weusi wanaoitwa black soldier fly). Nilifuata ule ushauri wa kubadilisha nusu tu ya huo unga wa samaki tena taratibu kwa wiki mbili, wanakula vizuri na mayai hayajapungua kabisa.

Nilipofeli ni kukausha, funza wana mafuta mengi jamani, wa kwanza niliwasaga bado wabichi kwa ndani, unga ukashikana mabonge ukachacha nikamwaga wote, iliniuma. Sasa nakausha mpaka ukimvunja anakatika kah! ndo nasaga, unga wa kutosha wiki moja tu.

Vifaranga walikataa, nimewarudishia chakula cha zamani.