Kwa nini Springsteen aliitoa kaseti ya nyumbani kuwa albamu ya Nebraska?

Mpenda Gitaa:
Habari zenu, wanajukwaa. Nimekuwa nikiisikiliza Nebraska, albamu ya mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen iliyotoka Septemba 1982, na jambo moja linanitatiza. Wakati huo alikuwa na bendi yake ya E Street, alikuwa amefanikiwa sana na albamu ya The River mwaka 1980, na sidhani kama kampuni yake ya rekodi, Columbia, ingemnyima studio aliyoitaka. Iweje basi akatoa nyimbo 10 zilizorekodiwa chumbani, tena kwenye kaseti? Je, alikusudia hivyo tangu mwanzo?

Msikilizaji wa Santuri:
Ndugu yangu, hakukusudia. Albamu zilizotangulia zilikuwa zimekula muda na fedha nyingi studioni, kwa hiyo safari hii alitaka kuingia huko akiwa na nyimbo zilizokwisha kuiva. Fundi wake, Mike Batlan, alimletea mashine ndogo ya Tascam 144, yenye njia nne za kurekodia na inayotumia kaseti ya kawaida, wakaifunga katika nyumba aliyopanga Colts Neck, New Jersey, pamoja na vipaza sauti viwili vya Shure SM57. Sehemu kubwa ya kazi ilifanyika mwanzoni mwa Januari 1982: aliimba huku akipiga gitaa, kisha katika njia zilizobaki akaongeza sauti ya pili au ala nyingine ndogo. Kaseti alimpelekea meneja wake, Jon Landau, ikiwa na maelezo ya mkono kuhusu nyimbo zenyewe, na kwangu huo ni ushahidi kwamba bado aliziona kuwa za majaribio.

Baadaye bendi ilizijaribu katika studio ya Power Station, New York. Baadhi zilinoga, hasa Born in the U.S.A., uliokuwa umeanzia katika vipindi vilevile vya nyumbani. Nyingine zilipoteza nguvu kila zilipoongezewa ngoma na magitaa ya umeme. Sikiliza wimbo wenyewe wa Nebraska, unaotokana na mauaji ya Charles Starkweather ya mwaka 1958: muuaji anasimulia kwa utulivu, bila kujitetea wala kuomba huruma, na utulivu huo ndio unaotisha. Ukiuwekea bendi nzima nyuma yake, msikilizaji anaanza kuifuata midundo na kumwacha msimulizi.

Fundi Mitambo:
Naongeza upande wa ufundi, kwa kuwa wengi hudhani kurekodi nyumbani kulirahisisha kazi. Ili kupata nakala ya mwisho, Springsteen alizipitisha sauti katika Echoplex, mashine ya mwangwi inayotumia utepe, kisha akazirekodi kwenye redio kaseti ya Panasonic iliyokuwa imewahi kuingia maji. Nakala hiyo moja akawa anatembea nayo mfukoni, bila hata kasha! Ilipoamuliwa kwamba hiyo ndiyo albamu, fundi wa sauti Toby Scott na mtayarishaji Chuck Plotkin walihangaika sana kuihamishia kwenye santuri, kwa sababu sauti yake ilikuwa na mikwaruzo ambayo mashine ya kuchonga mifereji haikuimudu. Majaribio kadhaa yalishindikana, mpaka santuri ilipochongwa katika studio za Atlantic kwa kiwango cha sauti kilichopunguzwa. Kurekodi upya kungekuwa rahisi zaidi, na walijaribu hata hilo, lakini hali ya kile chumba haikurudi.

Mpenda Gitaa:
Nawashukuru sana, wakuu. Je, yale majaribio ya bendi yanapatikana, au yamebaki kabatini?

Msikilizaji wa Santuri:
Yanapatikana. Baadhi yake yalitolewa mwaka 2025 katika mkusanyiko unaoitwa Nebraska '82. Anza na wimbo wa Atlantic City, usikilize kwanza ule wa bendi na kisha wa kaseti, ukiyafuatilia maneno ya msimulizi wake, kijana mwenye madeni yasiyolipika. Mimi binafsi naupenda ule wa bendi kama muziki, ila ni katika ule wa kaseti ninapomwamini huyo kijana.