Wakuu, Kiairishi wanamwitaje mtabiri na mpiga ramli?

Binti_Sakina: Habari za jioni wakuu, niko Arusha hapa natafsiri hadithi za kale za Ireland kwa ajili ya watoto wa kikundi chetu cha kusoma, sasa watabiri wananisumbua maana sisi tuna nabii, mtabiri, mpiga ramli, na kwa Wamasai laiboni, na hawa watu hawafanani kabisa. Waairishi wanawatenganishaje?

mzee_wa_kiboriloni: Dada, fáidh ndo nabii, hata wale wa kwenye Biblia. Akiwa mwanamke ni banfháidh. Unabii wenyewe tairngreacht. Ila fáistine inabeba utabiri na ramli vyote, na anayeifanya ni fáistineoir.

Kahawa_Chungu: Bean feasa msimsahau jamani! Huyo ni mama wa kijijini mwenye ujuzi wa siri, watu wanamfuata mtu akiugua au mifugo ikidhurika, na maarufu kuliko wote ni Biddy Early wa Clare huko Ireland aliyefariki 1874, alikuwa na chupa yake anaichungulia ndo anakupa majibu, mapadri walimpiga vita kwelikweli. Ukiandika mpiga ramli unamwonea, mi naona mganga inafaa zaidi.

Binti_Sakina: Asanteni sana. Na yule mwanamke Fedelm wa kwenye hadithi ya kale ya vita, Táin Bó Cúailnge? Malkia Medb anamuuliza analionaje jeshi lake, anajibu naliona jekundu, yaani limejaa damu.

mzee_wa_kiboriloni: Huyo ni mshairi na mtabiri kwa pamoja, kwa Waairishi wa zamani mshairi, fili, alihesabiwa anaona ya mbele. Weka mtabiri, nabii watoto watafikiria kanisani.