Dawa za usafi kwa hospitali na mabweni: wakala wa Dar, mtengenezaji wa hapa, au kampuni ya usafi?

Mnunuzi_Dodoma
Wakuu, salaam. Nasimamia manunuzi kwenye hospitali ya taasisi ya dini hapa Dodoma. Tuna vitanda 180, na ndani ya uzio huohuo kuna chuo cha uuguzi chenye mabweni mawili. Mkataba wa dawa za usafi unaisha mwezi ujao na nina bei tatu mezani.

Wa kwanza ni wakala wa Dar, anauza dawa nzito za kuchanganya na maji. Ya sakafu, lita 5 ni 85,000. Anafunga pampu za kupimia ukutani bila malipo, ila mzigo unakuja mara moja kwa mwezi na anataka nusu ya hela kabla. Wa pili ni mtengenezaji wa hapahapa mjini: sabuni ya maji, dumu la lita 20 ni 30,000, ukimpigia asubuhi mchana kafika, na anakubali kulipwa baada ya siku 30. Wa tatu ni kampuni ya usafi inayokuja na watu wake na dawa zake, bei moja kwa mwezi.

Bodi inamtaka wa pili kwa sababu ya bei. Mimi sijatulia. Mliopita njia hii naombeni uzoefu wenu.

StooKuu
Mkuu, usilinganishe dumu kwa dumu. Linganisha ndoo kwa ndoo.

Dawa nyingi nzito za sakafu zimeandikwa 1 kwa 100. Ikiwa na hiyo yako ni hivyo, ndoo ya lita 10 inakula mililita 100, sawa na 1,700. Sabuni ya dumu ni 1,500 kwa lita, na muuzaji atakwambia nusu lita inatosha ndoo, yaani 750. Hapo bodi inaona imeokoa zaidi ya nusu. Sasa nenda stoo, hesabu madumu yanayotoka kwa wiki, ugawe kwa ndoo zinazodekiwa kweli. Kwetu ilitoka lita nzima kwa ndoo, maana watu wanamimina kwa macho mpaka waone povu. Tofauti ikabaki 200 tu.

Na hiyo nzito ikimiminwa kwa macho ni hasara kubwa zaidi. Kwa hiyo kwa wakala unanunua ile pampu kuliko dawa yenyewe. Muulize ikiharibika nani anaitengeneza, na kwa siku ngapi. Muulize pia kama bei ina VAT ndani, maana 18% ikija baadaye hesabu yote inageuka.

MtengenezaSabuni
Natengeneza sabuni ya maji kwa shule na hoteli, sipo Dodoma, kwa hiyo sina maslahi hapa. Naomba mfahamu kwamba uzito wa sabuni siyo nguvu yake. Uzito unatoka kwenye chumvi. Unatia kidogo kidogo huku unakoroga, inakuwa nzito, ukizidisha inarudi kuwa maji. Mtu akikutingishia chupa uone inavyojivuta, hajakuonyesha kitu bado.

Muulize dumu moja lina salfoniki na ungaroli, yaani vile viungo vinavyosafisha, kiasi gani, na kama kila bechi ina namba. Mimi kila bechi naibakizia chupa ya nusu lita kwenye rafu, imeandikwa tarehe. Mteja akilalamika tunaichukua ile chupa, tunalinganisha na dumu lake pale pale. Mtengenezaji asiye na rafu ya namna hiyo, mwezi huu atakupa sabuni, mwezi ujao atakupa kitu kingine. Na mwambie akuonyeshe cheti cha TBS cha bidhaa hiyohiyo anayokuuzia. Cha bidhaa yake nyingine hakikusaidii.

NesiWaZamu
Ndugu zangu, mnaongelea sakafu, lakini hii ni hospitali. Sabuni haiui wadudu wa damu iliyomwagika. Mnunuzi, klorini uiweke kwenye tenda yake peke yake, usiifunge kwenye kapu moja na sabuni.

Kwa damu tunatumia klorini ya 0.5%. Jik ya 3.5% unachanganya sehemu moja kwa sita za maji. Klorini ya unga, HTH, ya 70% ni kama gramu 7 kwa lita. Sabuni inatangulia kwanza, kwa sababu uchafu unaila klorini kabla haijafanya kazi, kisha unaiacha dakika 10. Muuzaji akileta dumu lisiloandikwa asilimia, rudisha, usilipokee hata bure, maana hakuna hesabu unayoweza kufanya.

Angalia pia tarehe ya kutengenezwa. Klorini ya maji inapungua nguvu kwa joto na mwanga. Niliwahi kufanya kazi mahali walipopewa bei nzuri wakanunua ya miezi nane kwa mkupuo, ikakaa kwenye kontena la bati juani. Tulikuwa tunapima sehemu moja kwa sita kama tulivyofundishwa, na ndani hamkuwa na nguvu tena. Naumia mpaka leo nikikumbuka wadi ile.

DekioMkononi
Nimedeki miaka tisa kabla sijawa msimamizi. Naomba mtuulize na sisi. Kuna sabuni inaacha utelezi, lazima upite mara ya pili na maji matupu. Hiyo ni ndoo nyingine na saa nyingine, na haipo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Kuna dawa ya choo ilinichubua vidole mpaka nikashindwa kukunja kanga, na dumu halikuwa na maelezo hata mstari mmoja.

Dai karatasi ya usalama ya kila kemikali, kwa Kiswahili, ibandikwe stoo. Msisitizo: Jik na dawa ya choo yenye asidi visikae kwenye ndoo moja kamwe. Inatoka gesi inayokaba kifua. Msambazaji aje kufundisha zamu zote, na ya usiku pia.

Pwani_Hoteli
Mimi niko Mombasa, hoteli ya vyumba 120. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Sampuli zilitoa povu zuri ofisini kwa muuzaji, zikaja kwetu zikafa. Tangu siku hiyo sinunui kitu ambacho hakijajaribiwa na maji yangu, kwenye sakafu yangu. Na kama mna terazo, ile sakafu ya saruji yenye vipande vya marumaru, angalieni sana dawa za asidi. Tuliletewa ya kutoa ukoko wa chumvi, ikavila vile vipande, sakafu ikabaki na mabaka yasiyong'aa. Kuisugua upya kulizidi bajeti yetu ya sabuni ya mwaka.

Msimamizi_Majengo
Kuhusu kampuni ya usafi: bei moja kwa mwezi maana yake kila lita isiyotumika ni faida yao. Tulikuwa nayo moja, mwezi wa nne ndoo zikawa na maji tu yenye harufu ya limau. Ukiwachukua, mkataba utaje dawa gani, kiwango gani, na madumu yapokelewe na stoo yako. Na yeyote utakayemchagua, aonyeshe usajili wa Mkemia Mkuu wa Serikali. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ipo tangu 2003.

Mnunuzi_Dodoma
Asanteni sana. Leo nimehesabu: wiki iliyopita yametoka madumu 11 ya lita 20 kwa ndoo 236. Ni karibu lita moja kwa ndoo, StooKuu umepatia. Kisima chetu nacho kina chumvi.

Nimeiomba bodi wiki mbili. Mtengenezaji atapewa bweni moja, wakala bweni la pili, maji yaleyale, na wadekaji ndio watakaojaza fomu. Klorini nimeitoa kwenye tenda hii. Kampuni ya usafi nimeiacha.

NesiWaZamu
Vizuri. Klorini nunua ya mwezi mmoja mmoja, stoo yenye kivuli. Na mchanganyiko wa jana umwagwe asubuhi, hata kama ndoo imejaa.