Jezi ya Fitzgerald, Boldin au Jerry Rice? Naagiza wiki hii

Mjomba_wa_Kigoma
Wakuu, habari za jioni. Nataka kumnunulia mpwa wangu jezi ya NFL (ligi ya futiboli ya Marekani), ya risiva, yaani mdakaji wa pasi, aliyecheza miaka mingi bila kuyumba. Nyota wa msimu mmoja simtaki. Nimebaki na majina matatu: Larry Fitzgerald, Anquan Boldin na Jerry Rice. Kijana akiniuliza "huyu alifanya nini?" niwe na la kumwambia. Nichukue ipi? Naagiza kabla ya Ijumaa.

Mdakaji80
Rice, mjadala umeisha. Misimu 20, kuanzia 1985 hadi 2004. Mipira 1,549 mikononi, yadi 22,895, tachidauni (mabao) 197 za kudaka. Anayemfuata kwa yadi ni huyo Fitzgerald mwenye 17,492. Hilo pengo lao tu, zaidi ya yadi 5,000, kuna marisiva wazuri wanastaafu hawajalifikisha. Mwaka 1997 goti lilichanika mechi ya kwanza ya msimu, ana miaka 34. Wengi wangeaga hapo. Yeye alicheza mpaka akafikisha 42.

Bi_Nyota
Mkuu Mjomba, mbona umetuachia swali nusu? Kijana ana miaka mingapi? Saizi gani? Anaishi wapi? Unataka jezi ya kuchapishwa au ya kushonwa? Bajeti je? Hapa watu watakupa historia ya ligi nzima halafu ununue jezi isiyomtosha.

Lubumbashi_Detroit
Ndugu zangu, naona Boldin anapitwa kama hayupo. Mwaka 2003, timu zilipochagua wachezaji wapya, alichaguliwa wa 54 kwa sababu kwenye majaribio ya mbio za yadi 40 alikimbia kwa sekunde 4.7, na kwa risiva huo ni mwendo wa pole. Mechi yake ya kwanza kabisa, hapa hapa Detroit, aliwapiga Lions, timu yetu ya hapa, yadi 217. Msimu ukaisha na mipira 101. Mwaka 2008 aligongwa usoni mpaka mifupa ikavunjika, wakamfunga vibamba na skurubu, na msimu uleule akarudi uwanjani. Akiwa Ravens, walipochukua Super Bowl (fainali ya ligi) Februari 2013, 34 kwa 31 dhidi ya 49ers, yeye alikuwa na yadi 104 na tachidauni. Mwezi uliofuata wakamuuza kwa hao hao 49ers, na mechi ya kwanza kule akadaka 13 kwa yadi 208. Mtu wa kutegemewa ni huyo: timu nne, makocha tofauti, kazi ile ile.

Mdakaji80
Boldin ana mipira 1,076. Heshima yake ipo, lakini usimweke meza moja na Rice.

Jangwani_AZ
Mnaongelea kutegemewa halafu mnamruka Fitzgerald? Misimu 17, mechi 263, zote Cardinals, timu ya hapa Arizona, mipira 1,432. Sasa angalieni nani walikuwa wanamrushia: McCown, Warner, Leinart, Derek Anderson, Max Hall, Skelton, Kolb, Lindley, Palmer, Stanton, Rosen, mpaka Kyler Murray, na orodha haijaisha. Rice alikuwa na Joe Montana, kisha Steve Young. Ukiondoa miaka ya Warner na Palmer, Fitzgerald alikuwa anafukuzia mipira iliyorushwa ovyo, na bado anaidaka. Halafu 2015, 2016 na 2017, umri 32 hadi 34, alidaka 109, 107 na 109. Kocha Bruce Arians alikuwa ameshamsogeza ndani, karibu na mstari wa kuanzia mchezo, sehemu ya kugongwa na kuwazuia walinzi wakubwa. Alikubali na akaifanya vizuri kuliko vijana.

Mdakaji80
Pete ngapi za ubingwa?

Jangwani_AZ
Hana, na si kosa lake. Super Bowl ya Februari 2009 pale Tampa, dhidi ya Steelers, zimebaki dakika mbili na sekunde 37, alidaka katikati ya uwanja akaondoka yadi 64. Itazame tena video: anakimbia huku ameinua macho kwenye skrini kubwa ya uwanja aone nani yuko nyuma yake. Cardinals wakawa mbele 23 kwa 20. Steelers wakarudi, Santonio Holmes wao akadaka tachidauni kwenye kona zikiwa zimebaki sekunde 35. Mchujo mzima ule Fitzgerald alikuwa na yadi 546 na tachidauni 7. Mlitaka afanye nini tena, akazuie yeye?

Shoka_la_Minnesota
Kabla hujalipa, Mjomba, soma hili. Mwaka jana nilimwagizia mwanangu jezi ya Fitzgerald, namba 11, kwenye duka la mtandaoni ambalo silitaji. Picha zilikuwa safi na bei nusu ya kawaida. Ilikaa njiani mpaka mtoto akaacha kuuliza. Ilipofika, namba moja ya mgongoni imeinama kuliko mwenzake, na jina limeandikwa "FITZGERLAD". Nyuzi za ndani zinaning'inia, ngao ya ligi pale shingoni imegandishwa kwa gundi. Niliiosha kwa maji baridi kwa mkono, rangi nyekundu ikaingia kwenye namba nyeupe. Nikawaandikia, wakaniambia niirudishe ng'ambo kwa gharama yangu, na gharama yenyewe inazidi bei ya jezi. Nikaandika tena, kimya. Mtoto aliivaa shuleni kabla sijamzuia, akarudi amenuna. Nunua kwenye duka la timu au duka rasmi la ligi, hata kama itabidi usubiri mpaka mwisho wa mwezi. Shika kitambaa, geuza ndani uone mshono wa namba.

Bi_Nyota
Pole sana. Na mkumbuke Nike ndio wanatengeneza jezi za ligi tangu 2012. Boldin aliondoka Cardinals 2010, enzi za Reebok. Ukiona ya Boldin ya Cardinals yenye alama ya Nike, uliza maswali.

Mjomba_wa_Kigoma
Asanteni. Kijana ana miaka 15, yuko Phoenix na mama yake, dada yangu. Anacheza risiva shuleni. Mikono anayo, ila mbio hana, na kocha amemwambia hivyo mbele ya wenzake. Imemuuma sana. Saizi nitauliza.

Lubumbashi_Detroit
Sasa ungeanza na hilo, kaka! Boldin, bila kupepesa. Huyo kijana anahitaji kumjua mtu aliyeambiwa hana mbio akamaliza na yadi 13,779.

Jangwani_AZ
Fitzgerald naye hakuwa wa mbio. Na dada yako atampenda: mama yake Fitzgerald alifariki 2003 akiwa anaugua saratani ya matiti, Fitzgerald aliacha chuo bila shahada, na 2016 akaimaliza akiwa bado anacheza, kwa sababu alimwahidi mama. Phoenix nzima wanamjua. Boldin namheshimu, ila watoto wa sasa watamuuliza ni nani.

Lubumbashi_Detroit
Wakimuuliza ndiyo vizuri, atawaeleza.

Kocha_Mstaafu_TZ
Jezi haitamfundisha kudaka. Babu yake Fitzgerald alikuwa daktari wa macho Chicago, na mjukuu likizo alikuwa anafanyishwa mazoezi ya jicho na mkono pale kliniki. Mpe kijana mpira wa tenisi na ukuta. Adake kwa vidole, asingoje mpira umgonge kifuani.

Mdakaji80
Kifuani pia wanadaka, kocha, hasa mvua ikinyesha.

Kocha_Mstaafu_TZ
Mvua Phoenix?

Pwani_ya_Seattle
Kama ni kutegemewa na mbio ndogo, mmemsahau Steve Largent. Seahawks ya hapa Seattle tu, 1976 hadi 1989, tachidauni 100. Rice alipokuja Seattle 2004 akapewa 80 ya Largent, namba iliyokuwa imeshastaafishwa, yaani asipewe mchezaji mwingine. Mimi mpaka leo sikubaliani nalo.

Mdakaji80
Largent mwenyewe aliridhia. Shida iko wapi?

Pwani_ya_Seattle
Namba ikistaafishwa imestaafishwa. Rice angevaa nyingine.

Mjomba_wa_Kigoma
Dada anasema saizi M, ila anakua haraka, labda L. Rice nimemtoa. Kati ya 11 ya Fitzgerald na 81 ya Boldin bado. Jangwani, duka la Cardinals pale Glendale wanauza ya kushonwa ya saizi za vijana, au ni za watu wazima tu?